Shajara ya mradi: makombe ya Tendaguru (mjusi tumuache kwanza)

Mwisho wa Mei, maandalizi

Naanza kuandika hii shajara manake daftari langu la fildi limejaa namba tupu na kila mtu akiniuliza mradi umefika wapi najikuta naanza kuhadithia upya toka mwanzo. Mradi wenyewe ni huu: kuokota, kusafisha, kupima na kuyapa majina makombe yaliyogeuka mawe huku Lindi bara, upande wa kilima cha Tendaguru, ili tuwe na mkusanyo wa rejea hapa hapa nchini, mwanafunzi wa jiolojia afungue droo ashike kwa mkono badala ya kukodolea macho picha za 1914 zilizoskaniwa ovyo.

Najua ukitaja Tendaguru mtu anawaza mjusi, yaani dinosaria. Haya, na mjusi tumtaje yaishe. Lile lidude lililosimama makumbusho ya Berlin, Ujerumani, Giraffatitan, kwenda juu mita 13 na ushee, limetoka huku, Wajerumani walichimba toka 1909 mpaka 1913, zikabebwa tani kama 225 za mifupa kichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na kila baada ya muda suala la kulirudisha linaibuka bungeni. Mimi sina ugomvi nalo. Ila chukua ile safu ya miamba uisome kuanzia chini kwenda juu: Mijusi ya Chini, Nerinella, Mijusi ya Kati, Indotrigonia africana, Mijusi ya Juu, halafu Rutitrigonia bornhardti-schwarzi. Umeona? Matabaka sita, na matatu kati ya hayo yana majina ya moluska. Nerinella ni konokono wa baharini mwembamba mrefu, hao wengine ni makombe ya maganda mawili ya ukoo wa trigonia.

Na sababu yake ni ya kikazi kabisa. Unapita porini, nyasi zimekuzidi kichwa, mwamba unachungulia hapa kidogo na kule kidogo, ukikutana na kipande cha mfupa wa paja hakikuambii uko tabaka la kati au la juu. Ukikutana na ukanda wa makombe manene yenye mbavu, umeshajua uko wapi. Halafu makombe ndo yanakwambia bahari iliingia lini na ikatoka lini, maana mijusi ilitembea nchi kavu na ufukweni, bahari ikaja ikafunika, ikarudi, ikaja tena. Umri tunaozungumzia hapa ni kama miaka milioni 150 kwa lile tabaka la Indotrigonia, mwisho mwisho wa Jurasiki, na la juu kabisa limeshaingia Kretasia, kipindi kinachofuata.

Vibali viko mkononi, cha COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na cha Mambo ya Kale, hela ya mradi ni ndogo ila ipo. Wenzangu niliomaliza nao chuo wengi wako migodini Geita au kwenye gesi, wakinipigia simu wananiuliza we bado na konokono zako, nawaambia bado tena ndo kwanza nimeanza.

Juni, tumeingia fildi

Tuko wanne: mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayefanya mafunzo kwa vitendo, dereva, na kijana wa kijijini mwenye panga ambaye kwa kweli ndo kiongozi wa msafara, sisi tunamfuata. Huu ndo msimu wa kuja huku, mvua zimekata na nyasi zimeanza kukauka, ukija masika unarudi na picha za majani tu. Ndorobo wapo na wanauma juu ya shati.

Jambo la kwanza ni kwa mwenyekiti na mtendaji, kusaini kitabu cha wageni, kueleza tunatafuta nini na tutaondoka na nini. Hii sehemu vijana wengi wa chuo wanaiona kama kupoteza muda. Mi naona bila hiyo hakuna fildi. Pale ofisini alikuwepo babu mmoja amekaa pembeni, nikamwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba mjukuu wangu, mmefuata mjusi? Nikamwambia hapana babu, safari hii tumefuata makombe. Akaniangalia weee.

"Makombe si yako Lindi mjini pwani pale, maji yakipwa unaokota bure."

Nikatoa kwenye begi kipande kimoja cha trigonia nilichopewa chuoni nikampa akashika. Akakigeuzageuza, akasema aaa, haya, haya ya mawe, basi mngesema mapema, haya yako korongoni kule watoto wanachezea. Na kweli kesho yake alitupeleka mwenyewe, anatembea haraka kuliko sisi, na lile korongo halikuwemo kwenye ramani yoyote ya zamani niliyokuja nayo. Sitaandika hapa liko wapi wala namba za GPS, wanaookota fosili za kuuza wapo na wanasoma.

Nikiwa nyuma yake njiani nikawa namuwaza Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji enzi zile za Wajerumani, aliyekuwa anawaongoza mamia ya vibarua na anajua kutambua mfupa, kuutoa na kuufunga kuliko wengi wenye digrii. Yeye jina lake limebaki. Waliobaki wengi, wanaume kwa wanawake, wamebaki kuwa "wapagazi" kwenye vitabu, na hapo kumbuka hii nchi ya kusini ilikuwa ndo kwanza imetoka kwenye Majimaji na njaa yake. Kwa hiyo kwenye lebo zetu nimeamua kuna mstari wa "aliyeonyesha" juu ya mstari wa "aliyekusanya", na mwenye jina akikubali linaandikwa.

Juni, korongoni

Hapa ntaandika kwa urefu kidogo, manake ndo kiini cha kazi.

Ukanda wa makombe unaonekana kwenye ukingo wa korongo, unene wake chini ya mita, umekaa juu ya tope gumu la kijivu. Mchanga wake ni mkwaruzo, una vijipunje vya mviringo vya chokaa, vile vinavyojiviringisha kwenye maji ya kina kifupi yenye mawimbi, na ndani yake makombe yamelaliana mpaka mwamba wenyewe huuoni. Kubwa yanajaa kiganja. Mwanafunzi alitaka kuanza kugonga na nyundo papo hapo nikamwambia tulia, ukishalitoa kombe hujui tena lilikuwa limelalaje, na jinsi lilivyolala ni nusu ya habari.

Tulichofanya ni kufunga fremu ya kamba na vigingi, nusu mita kwa nusu mita, tunaibandika ukutani na juu ya mwamba ulio wazi, halafu kila kombe ndani ya fremu linajibu maswali yale yale: ganda moja au jozi? Mgongo juu au tumbo juu? La kushoto au la kulia? Limevunjika, limesagika kingo, lina kitu kimeota juu yake? Kanuni ya kuhesabu tuliyoiweka ni kwamba kipande chochote kisicho na bawaba, pale pande mbili za kombe zinaposhikana, hakihesabiwi. Ukihesabu kila kipande, kombe moja lililovunjika mara nne litakuwa makombe manne na utaandika ripoti ya bahari tajiri ambayo haikuwepo.

Basi picha inayojitokeza ni hii. Mengi ni maganda mojamoja yamelala mgongo juu, ambayo ndo mkao wa ganda lililosukumwa na mkondo likatulia, maana likikaa tumbo juu maji yanalipindua. Kingo nyingi zimesagika. Na kwenye maganda kadhaa kuna chaza wadogo wameota NDANI ya ganda, sehemu ambayo mwenyewe angekuwa hai wasingepata nafasi, kwa hiyo lile ganda lilikaa tupu juu ya sakafu ya bahari kwa muda kabla ya kufukiwa. Hapo mwanafunzi ndo alichangamka, akawa anatafuta chaza wa ndani kila mahali, na akawapata.

Lakini chini ya ukanda, kwenye lile tope la kijivu, kuna kiraka ambacho makombe yake yote ni jozi zilizofunga. Kombe likifa kano yake inalifungua, misuli ikishalegea hakuna wa kulifunga, na siku chache za mawimbi zinatosha kutenganisha pande mbili. Jozi iliyofunga maana yake lilifukiwa haraka, pengine likiwa hai. Trigonia hana ile mirija mirefu ya kuvutia maji waliyonayo makombe wanaojichimbia chini kabisa, alikuwa anakaa juu juu tu ya mchanga, nyuma yake ikichungulia, kwa hiyo dhoruba ikija yeye ndo wa kwanza kung'olewa au kufukiwa.

Mi nasoma ukanda huu kama dhoruba kadhaa zilizopangana. Mwenzangu wa idara, nilimtumia picha usiku mtandao ulipokubali, anasema ni mfereji wa kupwa na kujaa uliokuwa unahamahama, maji yanaingia na kutoka yanakusanya maganda chini ya mfereji, na akanikumbusha kuwa maandishi ya karibuni kuhusu Tendaguru yanaongelea sana mifereji na mabwawa ya pwani yaliyokingwa na fungu la mchanga. Sawa, inawezekana vyote viwili vipo. Ila kile kiraka cha jozi yeye hajakiona kwa macho.

Kwenye kutoa sasa. Patasi nyembamba, unazunguka mbali na kombe, usilifuate kombe lenyewe. Yaliyopasuka yanapewa gundi ya B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, nyepesi inywewe na mwamba, unasubiri, halafu ndo unanyanyua. Kila moja linafungwa toilet paper, gazeti, mfuko wa zipu wenye namba, kisha kiroba. Toilet paper tuliyomaliza kijijini ni nyingi mpaka mwenye duka akatuuliza kama tunaumwa matumbo, tuje kwa nesi.

Julai

Tumerudi Dar na viroba vyote viko salama. Kuosha, kukausha, kuandika namba. Namba inaandikwa kwenye jiwe lenyewe: tone la rangi nyeupe, wino mweusi juu yake, likikauka varnishi juu. Halafu kwenye lebo ya karatasi, halafu kwenye daftari, halafu kwenye kompyuta. Kisukuku kisicho na namba ni jiwe la kushikia mlango. Hakuna kingine cha kusema kuhusu Julai, ni namba, ndoo na miswaki ya zamani.

Agosti, maabara

Mwezi wa sindano. Mtu akisikia mwanapaleontolojia, yaani mtu wa fosili, anafikiria kofia na jua kali, kumbe muda mwingi umeinama chini ya hadubini unakwangua mchanga kwenye meno ya kombe, shingo inauma, chai imepoa.

Ngoja niseme kuhusu hayo meno, manake ndo kitu kizuri kuliko vyote nilivyoshika mwaka huu. Bawaba ya trigonia haifanani na ya kombe lolote utakalookota Lindi leo. Ganda la kushoto lina jino moja kubwa la pembetatu katikati, limegawanyika chini, na pande zake zimechorwa mifereji midogo midogo iliyonyooka, imepangana sawasawa. Ganda la kulia lina meno mawili yaliyotanuka kama V, nayo yana mifereji yake, na lile la kushoto linaingia katikati ya hayo mawili, mfereji kwa tuta, tuta kwa mfereji. Ukifanikiwa kusafisha pande zote mbili za jozi moja ukazikutanisha, zinashikana na hazichezi kabisa kwenda mbele wala nyuma. Maelezo yanayokubalika ni kwamba trigonia ana mguu mkubwa wenye nguvu, akitaka kuutoa lazima afungue maganda sana, na bila bawaba ya namna hiyo pande mbili zingepishana. Nilisafisha jino moja la kushoto kuanzia asubuhi mpaka taa za barabarani zikawaka, na mifereji ilipotokea yote nikamuita mlinzi aje aone, akasema kweli hii imetengenezwa.

Kwa yasiyokuwa na bawaba, yaani yale ambayo ganda lenyewe limeyeyuka kitambo na kuacha uwazi kwenye mwamba, tunamimina lateksi ndani ya uwazi, tunaiacha igande, tunaivuta, na unapata umbo la nje la kombe ambalo halipo tena. Inanuka, ila inafanya kazi.

Picha nazo zina utaratibu wake. Rangi ya mwamba inadanganya jicho, doa la kutu linaonekana kama mbavu, kwa hiyo kombe linafukizwa moshi wa nishadiri, ile ile ya mafundi wa kulehemu bati, linakuwa jeupe lote, taa inawekwa upande wa juu kushoto, na hapo kila tuta na kila kishimo kinajitokeza. Baadae unaosha kwa maji inatoka. Nishadiri tulinunua Kariakoo na muuzaji alitaka kujua bati lenyewe tunaloziba ni la nini.

Hesabu ya kushoto na kulia: kwenye fremu za ukanda wa juu maganda ya kushoto yamezidi wazi wazi. Pande mbili zina umbo la kioo kwa kioo, mkondo wa upande mmoja unazisukuma tofauti, moja inaenda huku nyingine kule, ndo maana kwenye ukanda wa mkondo hazilingani. Kwenye kile kiraka cha tope zinalingana, lazima zilingane maana ni jozi. Nimemtumia mwenzangu jedwali. Amejibu kwa kidole gumba tu.

Septemba, majina

Kutoa majina ndo kazi inayokula muda bila kuonekana. Ukisoma maandishi ya zamani ya Tendaguru unakutana na "tabaka la Trigonia smeei", ukisoma ya sasa ni Indotrigonia africana, na ni tabaka lile lile. Trigonia smeei alielezwa na Sowerby, mtaalamu Mwingereza wa makombe, mwaka 1840 kutoka Kachchh, India. Wajerumani walipokuta kombe linalofanana huku wakalipa jina hilo hilo. Baadae W. O. Dietrich, aliyekaa na haya makombe Berlin miaka mingi, akaanzisha jenasi ya Indotrigonia mwaka 1933, na la kwetu likaja kutenganishwa kuwa spishi yake. Ila undugu upo pale pale, na maelezo yake ni kwamba enzi hizo India, Madagaska na huku kwetu vilikuwa vimekaribiana, mlango wa bahari ulikuwa mwembamba, mabuu ya makombe yalikuwa yanapita upande wa pili kwa mkondo tu. Wakachchhi wa Zanzibar na majahazi yao walikuja kupita njia ndefu zaidi.

Na yule wa juu kabisa, bornhardti, ni jina la Wilhelm Bornhardt, mjiolojia aliyezunguka huku kusini miaka ya 1890, huyu huyu ambaye vile vilima vya mwamba mtupu vinavyochomoza tambarare wanajiolojia dunia nzima wanaviita bornhardt. Mtu mmoja, kilima na kombe. Sio mbaya.

Kingine nilichomhadithia mwanafunzi akakataa kuamini mpaka nikamwonyesha: ukoo wa trigonia uliaminika umekwisha kabisa, wanajulikana kwa mawe tu, mpaka mwaka 1802 mwanasayansi Mfaransa François Péron alipookota ganda bichi pwani ya Tasmania, na Mfaransa mwenzake Lamarck akalielezea 1804. Mpaka leo wapo, jenasi ya Neotrigonia, na wako bahari ya Australia peke yake. Walikuwa pwani za dunia nzima wakabaki kona moja. Kwa hiyo ninaposema mguu una nguvu sikisii kutoka kwenye jiwe, wapo hai wanaoonekana wanaruka kwa mguu huo.

Tatizo la kazi hii ni kwamba sampuli za kulinganishia, zile ambazo jina limefungwa kwake rasmi, nyingi ziko Berlin. Nimeandika barua pepe nimeomba picha za bawaba, nimejibiwa vizuri tu na picha zinakuja kidogo kidogo. Lakini picha haiwezi kugeuzwa. Unataka kuona upande wa chini wa jino unaandika barua pepe nyingine unasubiri tena. Huo mjadala wa kurudisha mjusi watu wanauongea kwa hasira na fahari, mimi wa kwangu ni mdogo zaidi: nipeni droo mbili za makombe, hata kwa mkopo wa muda mrefu.

Oktoba

Swali la mwezi huu ni kama kuna ganda lolote ambalo bado ni lile la asili. Trigonia alijenga ganda la aragonaiti, aina moja ya madini ya chokaa, na aragonaiti haidumu, ikikaa ardhini inageuka kalsaiti, aina nyingine ya chokaa iliyo imara zaidi, na ikishageuka ile oksijeni ndani yake haikuambii tena joto la bahari ya wakati ule, inakuambia habari za maji ya ardhini yaliyopita baadae. Chaza wanajenga kwa kalsaiti toka mwanzo kwa hiyo wao wana nafuu. Kuna dawa inaitwa myeyusho wa Feigl, una fedha na manganisi ndani yake, aragonaiti ikiguswa inageuka nyeusi na kalsaiti inabaki ilivyo. Sulfeti ya fedha ni ghali, tumenunua kichupa cha kuonea huruma, tunatumia kwa tone.

Maganda ya ukanda wa juu yote yamebaki meupe. Nilitegemea hivyo, ule mchanga unapitisha maji. Kwenye kiraka cha tope vipande viwili vimetoa weusi kwenye mstari mwembamba upande wa ndani, karibu na bawaba. Vipande viwili tu, na weusi wenyewe unataka hadubini, kwa hiyo sijamwambia mtu zaidi ya mwanafunzi na mwenzangu wa jedwali. Huyu safari hii hakutuma kidole gumba, amepiga simu.

Hatua inayofuata ni kukata vipande vyembamba vya kuangalia kwenye hadubini ya mwanga uliochujwa, na kutafuta maabara yenye mashine ya X-ray ya kuthibitisha madini, hapa mjini au nje. Bei nimeshaulizia sehemu mbili, zimetofautiana mno, moja inataka sampuli ya unga mwingi kuliko nilio nao. Chaza wa ndani ya maganda nao wameanza kupangwa kwenye trei yao, mwanafunzi ameomba wawe mada yake ya tasnifu na nimekubali. Juni ijayo tunarudi korongoni, kiraka cha tope kinaendelea chini ya kichaka na babu ameshatuma salamu anauliza tunakuja na watu wangapi ili vijana wakisafishe mapema.